Kitenzi chenye mbwa ndani yake

Ukikaa Praha wiki moja tu, utakuwa umeshalisikia neno štve. Tramu imechelewa: štve mě to. Mkubwa wa kazi katuma barua pepe Jumapili usiku: štve mě. Jirani anatoboa ukuta kwa drili na mtoto ndiyo kwanza kalala: hapo utalisikia mara tatu mfululizo, na mlango ukibamizwa juu yake. Kitenzi chenyewe ni štvát. Kamusi ndogo ya Kicheki na Kiingereza itakupa "annoy", kisha itaendelea na neno linalofuata kana kwamba kazi imekwisha.

Natafsiri maneno yanayopita chini ya skrini kwenye filamu na vipindi vya Kicheki, nayapeleka kwenye Kiingereza. Kicheki nilijifunza ukubwani, Kiingereza nilikikuta shuleni, Kiswahili nilizaliwa nacho. Kwa kitenzi hiki, Kiingereza ninacholipwa kukiandika kinanibana kila mara. Kiswahili, ambacho hakuna mteja aliyewahi kuniomba, ndicho kinachonisaidia kuona mna nini ndani ya neno. Ndiyo maana naandika haya kwa Kiswahili.

Asili yake štvát ni neno la wawindaji. Mbwa wanafunguliwa, kulungu au ngiri anatimuliwa, na kazi ya mbwa ni kumkimbiza asipate pa kupumulia mpaka miguu imkatae. Ndipo wenye farasi wanapofika na kummaliza. Mabwanyenye wa Ulaya ya Kati waliufanya uwindaji huo starehe yao. Karibu na mji wa Pardubice, mashariki ya Praha, ulikuwa ukiendelea hata katika karne ya 19, na mashindano ya farasi ya Velká Pardubická, yaliyoanza 1874 na yapo mpaka leo, yalichipuka katika mazingira hayo hayo.

Jina la uwindaji huo, štvanice, limebaki kwenye ramani ya Praha. Ni kisiwa katikati ya mto Vltava, baina ya Karlín na Holešovice. Zamani watu wa mjini walivuka kwenda huko kutazama wanyama wakiachiwa mbwa. Leo daraja la Hlávka linapita juu yake, reli ya Negrelli iliyofunguliwa 1850 nayo inapita, na tangu 2023 kuna daraja jipya la waenda kwa miguu. Kuna viwanja vya tenisi. Mwaka 1986 yalifanyika pale mashindano ya dunia ya timu za wanawake, na Martina Navrátilová, aliyekimbilia Marekani mwaka 1975, akarudi katika mji mkuu wa nchi aliyoikimbia akiwa amevaa rangi za Marekani. Wenyeji wakamshangilia, ingawa timu yake ndiyo iliyoifunga Chekoslovakia kwenye fainali. Mtu aliyetoroka akarudi kushangiliwa kwenye kisiwa kilichopewa jina la kukimbiza viumbe: kila nikipita pale jambo hilo hunirudia kichwani. Kulikuwa pia na uwanja wa hoki ya barafuni, nao nitaufikia.

Sasa, Kiingereza nacho kina mbwa wake. London, upande wa Southwark, dubu alikuwa anafungwa kwenye nguzo na mbwa wanaachiwa, watu wakilipa kiingilio, mpaka sheria ilipopiga marufuku michezo ya aina hiyo nchini Uingereza mwaka 1835. Kutoka huko Kiingereza kikabaki na "bait", yaani kumchokoza mtu kwa makusudi ili ajibu na ajiharibie. Kutoka kwa mnyama mwingine aliyekuwa akifanyiwa hivyo hivyo kikapata "badger", kumsumbua mtu kwa maswali na maombi yasiyokwisha. Kutoka kwa jina la mbwa mwenyewe wa kuwindia kikapata "hound", kumwandama mtu popote aendapo. Ukiviona hivi vitatu vimepangwa kwenye karatasi unaweza kudhani tatizo limekwisha. Lakini hebu jaribu kuvitumia kwa tramu iliyochelewa. Tramu haiwezi kunifanyia "bait". Haina nia nami. Wala bei ya umeme haiwezi kunifanyia "badger". Vitenzi hivyo vya Kiingereza vinadai kwanza mtu mwenye nia, na štvát hakidai.

Hapo ndipo Kiswahili kinaponyooka. Sisi tuna kukera na tuna kuchokoza, na mtoto wa miaka minne hawezi kuvichanganya. Tramu inanikera. Joto linanikera. Mwenzangu anayetafuna kwa kelele ananikera, naye hajui. Lakini akinirushia kokoto akakimbilia nyuma ya mti, huyo amenichokoza, na kesi ikifika kwa mama swali la kwanza litakuwa: nani alianza kumchokoza mwenzake? Mcheki anatumia kitenzi kimoja pande zote mbili, na ni msikilizaji anayejua kama kuna mwenye kosa au hakuna. Kwa hiyo ninapokutana na štve mě kwenye filamu, kabla sijagusa Kiingereza najiuliza kwa Kiswahili: amekerwa au amechokozwa? Nikishapata jibu, neno la Kiingereza huja lenyewe. Akiwa amekerwa, "annoy" inatosha, au "bug" kwa kijana. Akiwa amechokozwa, "annoy" inamlinda mchokozi. Inamfanya aonekane kero ya bahati mbaya, kama mvua.

Kuna msichana wa Kitanzania aliyekuja hapa kusoma, akapitia Poděbrady, mji mdogo ambako wanafunzi wengi wa kigeni hufundishwa Kicheki kabla ya chuo. Alinipigia simu siku moja.

"Kaka, mwalimu katuambia štve mě to ni 'it annoys me'. Sasa mbona mama mwenye nyumba alisema hivyo leo akiwa karibu kulia?"

"Kulitokea nini?"

"Mwanawe kauza gari la marehemu baba yao bila kumwambia."

"Wewe ungekuwa nyumbani, mdogo wangu, ungesemaje?"

Akafikiri kidogo. "Ningesema kanitibua."

Sijapata tafsiri bora kuliko hiyo. Kutibua ni kuvuruga maji yaliyotulia mpaka tope la chini lipande juu, na mama yule tope lake lilikuwa limepanda. "It annoys me" huambiwi na mtu ambaye machozi yanamlenga. Kiingereza kingesema labda "it gets to me", ambayo angalau inakiri kwamba kitu kimefika ndani.

Kitu kingine kinachonipa shida ni adabu ya neno. Kitenzi hiki kikivishwa kiambishi "na-" mbele kinakuwa naštvat, kumfikisha mtu kwenye hasira, na aliyefikishwa ni naštvaný. Watafsiri wengi, hasa wanaotaka mazungumzo yasikike ya mtaani, hukimbilia "piss off" na "pissed off". Silipendi zoea hilo hata kidogo. Wacheki wanalo neno la matusi la maana hiyo hiyo, nasrat, ambalo limetoka chooni, na wanajua vizuri lini wanalitumia na mbele ya nani. "Piss off" nayo imetoka chooni. Naštvat imetoka porini. Ni neno la mazungumzo, huwezi kuliandika kwenye barua ya serikali, lakini mjukuu analisema mezani na bibi yake haachi kumega mkate. Ukimpa mjukuu huyo "pissed off" kwenye skrini, umemfanya mtoto asiye na malezi, na bibi aliyenyamaza umemfanya bibi asiyejali. Familia nzima imeharibika kwa maneno mawili. Kwetu pia kuna mipaka hiyo. Kwa rafiki nitasema "unazingua", kwa mama mkubwa nitasema "umeniudhi kidogo, mama", na hakuna atakayeniambia kwamba sentensi hizo mbili zinaweza kubadilishana viti.

Wanaojifunza Kicheki huogopa viambishi vyake. Msemaji wa Kiswahili asiviogope. Mcheki anabadilisha kitenzi kwa kuongeza kitu mbele, sisi kwa kuongeza mkiani, ila kazi ni ile ile. Poštvat ni kumchochea mtu dhidi ya mwingine, kama unayemfungulia mbwa. Vyštvat ni kumwandama mtu mpaka ahame kijiji au aache kazi. Uštvat ni kumkimbiza mpaka aishe. Na rozeštvat ni kuwatenganisha watu waliokuwa wamoja ili wauane kwa maneno. Hii ya mwisho Kiingereza kinaihangaikia kwa maneno manne matano, "sow discord between", "set them against each other", na kwenye skrini, ambako nina mistari miwili na herufi zisizozidi arobaini na kidogo kwa kila mstari, maneno matano ni anasa. Sisi tunasema kuwagombanisha. Au kuwafitinisha. Neno moja tu, na limebeba mtendaji, watendwa wawili na ugomvi wao.

Uštvat imepata maisha mapya yasiyo na damu. Mwanamke anayetoka kazini, akapitia shule ya chekechea, akapitia duka, akapanda ghorofa nne na mifuko, atasema jsem uštvaná. Kiingereza humpa "frazzled", neno la nyuzi zilizochanika, au "harried". Kiswahili kingesema yuko hoi. Wacheki wengi wanaosema hivyo hawamwoni tena kulungu, na mimi simlazimishi msomaji wa Kiingereza amwone. Kuna watafsiri wanaopenda kufukua kila mzizi na kuuanika. Mtu aliyechoka na mifuko mkononi hahitaji kuwindwa pia.

Na si kila karaha ya Kicheki ni štvát. Kwenye jengo letu lifti hukwama. Bibi wa ghorofa ya tatu, ambaye magoti hayamruhusu ngazi, huigonga kwa fimbo na kusema zase zlobí. Zlobit ni neno la watoto watundu: mtoto anazlobit, lifti inazlobit, na goti la bibi nalo linamzlobit. Hapo mwenzetu wa Kiswahili yuko tayari, kusumbua: goti linanisumbua, mtoto msumbufu. "The lift is annoying me" ingekuwa aibu. Mwingereza husema "it's playing up", na inakaa sawasawa. Halafu kuna otravovat, ambayo ni ndugu wa neno la kumtilia mtu sumu, otrávit. Neotravuj! Acha kunisumbua, lakini kwa mzizi wake ni acha kunilisha sumu. Na kuna škádlit, uchokozi wa mapenzi, ambao Wacheki wana methali yake: Co se škádlívá, to se rádo mívá, wanaotaniana wanapendana. Mtu aliyelelewa katika utani wa babu na wajukuu haelezwi mara mbili. "Tease" ya Kiingereza inafika karibu, ingawa inaweza pia kuwa ya ukatili, na škádlit haiwezi.

Mimi mwenyewe napenda zaidi ya yote dráždit hada bosou nohou, kumchokoza nyoka kwa mguu usio na kiatu. Mwingereza ana dubu wake asiyetakiwa kuguswa kwa kijiti, na kila mara mteja hunitaka nimweke huyo dubu. Hukataa nikiweza. Nyoka anaeleweka kila mahali, na mguu mtupu ndio wenye habari yote: mchokozi hajajikinga.

Kuna upande wa neno hili ambao hauna utani wala lifti. Baada ya wakomunisti kushika dola Chekoslovakia Februari 1948, štvát lilichukuliwa na magazeti na mahakama. Mpinzani akawa štváč, mchochezi. Serikali za Magharibi zikawa váleční štváči, wachochezi wa vita. Milada Horáková, mwanasheria na mbunge wa zamani aliyeokoka magereza ya Wanazi, alinyongwa 27 Juni 1950 baada ya kesi ya maonyesho, huku maazimio ya kutaka adhabu kali yakimiminika kutoka viwandani na maofisini. Redio Ulaya Huru, kituo kilichogharamiwa na Marekani, ilipoanza kutangaza kwa Kicheki kutoka Munich, jina lake kwenye vyombo vya serikali likawa štvavá vysílačka, kituo cha uchochezi, na watu walifunga madirisha ili kuisikiliza kupitia mawimbi yaliyojaa mikwaruzo ya makusudi. Mwaka 1995 kituo hicho kilihamishia makao yake Praha, kikaingia katika jengo lililokuwa la Bunge la Shirikisho, juu ya uwanja wa Wenceslas.

Kiingereza cha štvavý nimekiona kikiandikwa "subversive", "inflammatory", "hate-mongering", hata "provocative". Sikubali kwamba haya ni mamoja. "Provocative" siku hizi husemwa hata kwa nguo. "Subversive" ni neno ambalo msanii hulivaa kwa fahari. Neno la serikali ile lilikusudia kumwambia raia kwamba huyu mtu anawafungulia mbwa, kwa hiyo ni halali sisi kumfungulia wetu. Kiswahili, kwa bahati mbaya, kinalijua vizuri, kwa sababu uchochezi ndilo jina la kosa hilo kwenye midomo ya mapolisi na mahakimu wetu pia, na mchochezi kwetu amewahi kuwa mtu yeyote aliyesema jambo lisilopendwa. Ninapotafsiri hotuba za miaka ile huandika "inciter" au "rabble-rouser", kutegemea msemaji, na sikubali kulainisha.

Nirudi kwenye kisiwa, kwenye barafu. Mwaka 1947 Chekoslovakia ilitwaa ubingwa wa dunia wa hoki pale Štvanice, mbele ya watu wake, na Bohumil Modrý akiwa golini. Mwaka 1949 wakautwaa tena, ugenini Stockholm. Machi 1950 walitakiwa kwenda London kutetea taji. Wakafika uwanja wa ndege, safari ikazuiwa, na ikatangazwa kwamba timu haiendi kwa kuwa waandishi wa redio wamenyimwa viza na Waingereza. Baada ya siku mbili wachezaji wakakutana kwenye baa moja ya Praha iitwayo U Herclíků. Walikunywa, walipiga kelele, waliitukana serikali. Polisi wakawakamata. Oktoba mwaka huo walihukumiwa kwa uhaini na ujasusi. Gustav Bubník alipata miaka 14, Modrý miaka 15. Baadhi yao walipelekwa kwenye migodi ya urani. Modrý aliachiwa baada ya miaka mitano na akafariki 1963.

Nilipata kazi ya kutafsiri kipindi kifupi kuhusu wachezaji hao. Msimulizi anapofika kwenye usiku ule wa baa anasema walikuwa naštvaní. Neno lile lile la tramu. Hakulikuza, hakulipamba, na nadhani alifanya vizuri, kwa sababu ndivyo mtu yeyote wa Praha angesema juu ya vijana waliofungwa mlango usoni. Lakini mimi nilipaswa kuchagua. "Annoyed" ingewafanya watu waliokasirishwa na ratiba ya ndege. "Pissed off" ilikuwa mbaya zaidi: msomaji wa Uingereza anaijua "pissed" kwa maana ya kulewa, na hawa walikuwa kwenye baa. Neno hilo moja lingemwachia msomaji wazo kwamba yote yalikuwa ulevi, kwamba wangekunywa maji yasingewapata. "Provoked" niliipima kwa muda mrefu kuliko zote, maana kweli walichokozwa: waliambiwa waende, wakazuiwa, wakapewa sababu ambayo hawakuiamini. Ila "provoked" inadai jina la mchokozi kwenye sentensi hiyo hiyo, na msimulizi alikuwa hajamtaja bado. Angemtaja sentensi mbili mbele.

Nikaandika "angry". Herufi tano, zinaingia kwenye mstari, na haziwaombei msamaha wala haziwapunguzii sababu. Kwa Kiswahili ningesema walikuwa wamekasirika, na ile -me- yetu ingefanya nusu ya kazi, kwa kuwa inaonyesha kwamba kuna jambo limeshatendwa juu yao na hali yake bado ipo.

Mhariri alinirudishia akiuliza kama "upset" isingekuwa na ladha laini zaidi kwa watazamaji. Nikamjibu kwamba mtu aliye "upset" unamtafutia kiti na maji ya kunywa, na hawa walitafutiwa pingu. Nikamwekea na mwaka wa hukumu na jina la mji wa migodi ile ya urani, Jáchymov. "Angry" ikabaki.